FAIDA ZA VYUO KUJIUNGA NA UMOJA WA UTAFITI WA HISTORIA

Historia ya Visiwa vya Unguja na Pemba haikuhifadhiwa mahali pamoja. Sehemu yake kubwa imo katika jengo la Nyaraka za Taifa lililopo Kilimani, mjini Zanzibar, ambamo zimo barua za ofisi ya balozi wa Uingereza, majalada ya Serikali ya wakati wa ukoloni, hati za mahkama, pamoja na maandishi ya Kiarabu na ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sehemu nyengine imo nje ya visiwa hivi, na mara nyingi mbali sana.

Mwaka 1833 Sultan Seyyid Said alitiliana saini mkataba wa biashara na Marekani. Barua za wafanyabiashara wa mji wa Salem, waliokuwa wakileta kitambaa cha merikani na kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, zimehifadhiwa katika jimbo la Massachusetts. Karatasi za kampuni ya O'Swald, iliyofanya biashara Unguja katika karne ya 19, zimo Hamburg, Ujerumani. Barua ambazo balozi wa Uingereza aliipelekea Serikali ya Bombay zimo Mumbai, na zile alizoipelekea London zimo katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Hati nyengine zimo Muscat, Oman. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina mkusanyo wa hati za Kiswahili na Kiarabu ambao orodha yake ilichapishwa mwaka 1970.

Kwa hivyo mwanafunzi wa Wete au wa Makunduchi anayetaka kuandika juu ya biashara ya karafuu ya babu zake hulazimika ama kuzunguka nchi nne au tano, ama kuandika nusu ya habari. Hakuna chuo kimoja, si hapa visiwani wala katika nchi kubwa, chenye uwezo wa kuzifikia nyaraka zote hizo peke yake. Ni kwa sababu hiyo vyuo vingi duniani vimeunda umoja wa utafiti. Maelezo yafuatayo yanaonesha namna umoja wa aina hiyo unavyofanya kazi, faida zinazopatikana kwa chuo kinachojiunga, na mambo ya kuangaliwa kabla ya kutia saini.

UMOJA WA UTAFITI NI NINI

Umoja wa utafiti ni makubaliano baina ya vyuo, maktaba na hifadhi za nyaraka, ambapo kila mwanachama hubaki na uongozi wake na mali yake, lakini hushirikiana na wenzake katika mambo yaliyotajwa kwenye hati ya makubaliano. Mfano wake wa karibu ni kikoa. Mmoja huleta mchele, mwengine samaki, mwengine kuni, na wote hula katika sinia moja. Chuo kimoja huleta wataalamu, kingine mitambo ya kunakilia, na kingine huleta nyaraka zenyewe, ambazo ndizo msingi wa kazi yote.

Utaratibu huu si mpya. Mwaka 1949 vyuo vikuu 10 vya Marekani viliunda kituo cha pamoja mjini Chicago kwa ajili ya kuweka vitabu na magazeti ambayo haikuwa lazima kila chuo kiwe na nakala yake. Mwaka 1963 maktaba zenye kushughulikia mambo ya Afrika zilianzisha mradi wa ushirikiano, unaojulikana kwa jina la CAMP, ambao wanachama wake walichanga ada ili kupiga maikrofilamu magazeti na nyaraka za Afrika na kuazimana nakala hizo. Mwaka 2007 taasisi za eneo la Philadelphia ziliungana kwa ajili ya historia ya sayansi, na baadaye umoja wao ukapokea wanachama wa mbali zaidi. Umoja huo umekuwa ukitoa ruzuku kwa watafiti na kuendesha mijadala ya vikundi kwa njia ya intaneti. Hapa Tanzania, maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti zina umoja wao uitwao COTUL, ambao huziwezesha kujiandikisha kwa pamoja katika majarida ya kitaalamu kwa gharama nafuu kuliko kila moja kujilipia.

FAIDA KWA VYUO

Kwanza, kuzifikia nyaraka. Chuo kilicho mwanachama hupata haki ya kutumia orodha na nakala za wanachama wengine. Mtafiti huanza kwa kutafuta katika orodha moja badala ya kuandika barua kwa kila hifadhi na kusubiri majibu. Nakala ikishapigwa mara moja hutumiwa na wote, na mwanafunzi huisoma akiwa Tunguu au Chake Chake. Faida hii ni kubwa zaidi kwa visiwa, kwa kuwa gharama ya kuvuka bahari ndiyo inayokatisha tafiti nyingi kabla hazijaanza.

Pili, ruzuku na safari za masomo. Nyaraka nyengine hazijanakiliwa na lazima zifuatwe zilipo. Umoja huweka fungu la pamoja kwa ajili hiyo, na mtafiti kijana hupata nauli, malazi na, lililo muhimu zaidi, mwenyeji anayeijua hifadhi anayokwenda. Wafadhili nao huwa wepesi kuuchangia umoja wenye hesabu zinazokaguliwa kuliko kupokea maombi madogo madogo ya chuo kimoja kimoja.

Tatu, mafunzo. Kusoma waraka wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ni elimu ya pekee, na wenye kuijua vyema wanapungua. Mwandishi wa zamani mara nyingi hakutofautisha herufi ambazo Kiswahili cha leo kinazitofautisha, hivyo msomaji hulazimika kuijua lugha, lahaja na mazingira kabla ya kulitamka neno. Si rahisi kwa kila chuo kumwajiri mwalimu wa fani hiyo. Vyuo vitano vikishirikiana, mwalimu mmoja hutosha kwa kozi ya pamoja. Hali ni hiyo hiyo katika kuhifadhi karatasi zilizoliwa na wadudu, kurikodi masimulizi, na kupanga majalada.

Nne, usalama wa kumbukumbu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka hapa mjini Zanzibar na kusababisha vifo. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliotoka mlimani uliteketeza maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na sehemu kubwa ya vitabu, filamu na nyaraka za Afrika zilizokuwemo ikapotea. Matukio hayo mawili yamewakumbusha wahusika kuwa kitu kilichopo mahali pamoja tu kinaweza kuondoka siku moja. Waraka wenye nakala kwa wanachama watatu walio katika miji mitatu hauko katika hatari ya namna hiyo. Asili yake hubaki kwa mwenyewe, na ikiharibika, yaliyoandikwa humo hayapotei.

Tano, masimulizi ya wazee. Hapa ndipo muda ulipo mchache kuliko pengine pote. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati wa Mapinduzi ya mwaka 1964 hivi sasa amepindukia miaka 80. Wapo wachukuzi wa bandarini, wachumaji wa karafuu, manahodha wa majahazi, walimu wa vyuoni na wakunga wa mashamba ambao habari zao hazimo katika jalada lolote. Kazi ya kuwarikodi haiwezi kufanywa na mtu mmoja mwenye kinasa sauti kimoja. Inahitaji vijana wengi waliofunzwa kuuliza kwa adabu na kusikiliza bila ya kumtia mzee maneno mdomoni, na walioelekezwa kuandika jina, mahali na tarehe ya kila mazungumzo. Vyuo vinaposhirikiana hutumia utaratibu mmoja, kiasi kwamba masimulizi yaliyochukuliwa Kojani yanaweza kulinganishwa na yale ya Nungwi, Lamu au Ngazija.

Sita, sauti katika maamuzi. Kwa miaka mingi vitabu vingi juu ya Zanzibar vimeandikwa na watu waliokuja, wakakusanya, wakaondoka. Wengi walifanya kazi nzuri, lakini maswali waliyoyauliza yalikuwa yao. Chuo cha visiwani kinachokaa katika kamati ya umoja hushiriki katika kuamua lipi litafitiwe, kwa lugha gani lichapishwe, na nakala ya matokeo ibaki wapi. Matokeo yakirudi kwa Kiswahili, mwalimu wa skuli naye hupata kitu cha kuwasomesha wanafunzi wake.

WAJIBU NA TAHADHARI

Uanachama una gharama zake. Kuna ada ya mwaka, na kuna muda wa watumishi watakaotayarisha orodha na kujibu maombi ya wanachama wengine. Chuo ambacho hakijapanga majalada yake chenyewe hakitakuwa na cha kutoa kwa wenzake, na kikoa hakimpendi anayekuja mikono mitupu kila siku. Hivyo inafaa kazi ya kupanga ianze nyumbani, kabla ya barua ya maombi kuandikwa.

Yapo pia mambo ambayo wakuu wa vyuo wanapaswa kuyaangalia kwa makini katika hati ya makubaliano. La kwanza ni umiliki. Asili za nyaraka zisiondoke nchini, na ieleweke wazi nani ana ruhusa ya kuzichapisha nakala na kwa masharti gani. La pili ni ridhaa. Mzee aliyesimulia habari za nyumba yake ana haki ya kujua maneno yake yanakwenda wapi, na ana haki ya kutaka sehemu fulani isitolewe hadharani akiwa hai. Jambo hilo ni zito katika visiwa vidogo, ambako anayetajwa na anayesikiliza huenda ni majirani. La tatu ni kibali. Kujiunga na umoja hakuondoshi wajibu wa mtafiti, awe mwenyeji au mgeni, kupata kibali cha utafiti kutoka kwa mamlaka ya Serikali inayohusika.

La nne ni mwisho wa umoja wenyewe. Katika miaka ya 1970 nchi kadhaa za ukanda huu zilianzisha kituo cha pamoja cha utafiti wa masimulizi na lugha za Kiafrika, EACROTANAL, na makao yake yakawekwa mjini Zanzibar. Kituo hicho kilifanya kazi ya kukusanya masimulizi na hati za kale, lakini leo hakipo tena. Funzo lake kwa vyuo vya sasa ni kwamba hati ya makubaliano isiishie kwenye sherehe ya kutia saini. Ieleze, tokea siku ya kwanza, kanda, nakala na vifaa vitakabidhiwa kwa nani iwapo umoja utavunjika au fedha zitakatika. Kumbukumbu isiyo na mrithi aliyetajwa huishia stoo, na stoo huishia jaani.

NAFASI YA WATUMISHI NA WANANCHI

Faida zilizotajwa hapo juu hazitapatikana kwa juhudi za vyuo pekee. Nyaraka za kesho ni majalada ya leo yaliyomo maofisini. Mtumishi wa umma anapohamisha ofisi, asitupe wala kuchoma majalada ya zamani kwa sababu tu yamejaa vumbi. Utaratibu ni kuwasiliana na wahusika wa nyaraka ili waamue lipi lihifadhiwe. Daftari la hospitali au la shehia, ambalo kwa karani ni mzigo wa kabati, kwa mtafiti ni habari za watu ambao hawakuandikwa popote pengine.

Wananchi nao wamo katika kazi hii. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe na mashamba mna barua za mirathi, hati za viwanja, vitabu vya tiba, utenzi na picha za harusi. Mwenye vitu hivyo halazimiki kuvitoa. Anachoombwa ni kuvitunza vizuri, na akipenda kuruhusu vipigwe picha na kurejeshewa papo hapo. Karatasi za zamani zisiwekwe sakafuni wala karibu na ukuta wenye unyevu, na zisianikwe juani. Zisigandishwe kwa utepe wa gundi, na zisifunikwe kwa plastiki ya moto, kwani dawa yake huila karatasi na haitoki tena. Picha iandikwe majina nyuma yake kwa penseli, polepole, maadamu yupo anayewajua waliomo.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chuo chenye wataalamu, hifadhi yenye majalada, ofisi inayotunza karatasi zake na mzee aliye tayari kusimulia, kila mmoja ana kinga yake. Vyuo vinavyofikiria kujiunga vinashauriwa kuanza na mambo matatu yasiyohitaji mfadhili: kutayarisha orodha ya walichonacho, kuteua mtumishi mmoja wa kusimamia kazi hiyo, na kuwarikodi wazee wa eneo lao kwa ridhaa yao. Umoja wowote, wa karibu au wa mbali, utakiuliza chuo mambo hayo kwanza.