Mali Iliyo Njiani: Namna Wanafunzi wa Uzamili Wanavyofundishwa Uendeshaji (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi chuo cha biashara cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1908, kilivyoeneza mtindo wa kufundisha kwa visa, yaani mwanafunzi hupewa habari za shirika la kweli, akazisoma usiku, na asubuhi akatakiwa aseme mbele ya wenzake yeye angefanya nini lau angekuwa mudiri wa shirika hilo. Mtindo huo una fadhila nyingi. Lakini katika somo la uendeshaji, ambalo ni ilimu ya namna bidhaa na huduma zinavyotengenezwa, zinavyowekwa akiba na kumfikia anayezitaka kwa wakati anaozitaka, una upungufu mmoja usioweza kufumbiwa macho, nao ni kwamba msomaji wa kisa hukiona chote kwa mara moja tangu mwanzo hata mwisho, ilhali mwenye kuendesha kiwanda haoni ila karatasi zilizo mezani pake wiki hiyo.

Na wanafunzi wenyewe si watoto. Anayeingia darasa la uzamili wa biashara aghalabu amekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, benki, serikalini au katika duka la baba yake, naye huja na rai zake zilizokomaa, ya kwanza ikiwa kwamba mambo yakiharibika kazini basi yupo mtu aliyeyaharibu. Kumweleza mtu wa namna hiyo kuwa mpango wenyewe wa kazi waweza kuzaa hasara pasipo mzembe wala mwizi ni kumpa neno atakaloliandika daftarini, akalijibu vema katika mtihani, kisha akarudi kazini kwake na kumfukuza karani wa ghala. Ndiyo maana walimu wa ilimu hii walitafuta njia ya kumtia mwanafunzi ndani ya mpango huo, aharibu yeye mwenyewe, tena mbele ya mashahidi.

Njia iliyo mashuhuri kuliko zote ni mchezo wa bia, uliotokana na kazi ya Jay Forrester katika chuo cha usimamizi cha MIT huko Massachusetts. Bwana huyu hakuwa mtu wa biashara. Alizaliwa Nebraska mwaka 1918, akasomea uhandisi wa umeme, akaongoza ujenzi wa Whirlwind, mojawapo ya kompyuta za mwanzo, na mwaka 1956 akahamia kwa walimu wa usimamizi. Huko wakuu wa General Electric walimfumbia fumbo lililowasumbua: viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani, vilivyoko Kentucky, mara vilifanya kazi zamu tatu hata nne, na baada ya miaka michache nusu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, na wao walidhani kuwa sababu yake ni kupanda na kushuka kwa biashara ya nchi nzima. Forrester akachukua penseli na daftari, akapiga safu za akiba, za maagizo na za wafanyakazi, akahesabu wiki baada ya wiki kwa kufuata kanuni zilezile walizozifuata wakuu hao katika kuajiri na kuagiza. Ikabainika kuwa hata kama wanunuzi wangaliagiza kwa utulivu kamili, kanuni hizo peke yake zingetosha kuzaa mawimbi hayo.

Mchezo wenyewe ni sahali. Mezani hukaa wanne: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji, na mwenye kiwanda. (Msomaji asiyegusa kileo asiwe na wasiwasi, kwani hakuna hata tone linalomiminwa, kreti ni vitufe tu na maagizo ni vipande vya karatasi, na mwalimu akipenda kuufanya mchezo wa sukari au wa saruji, hisabu haitabadilika hata chembe.) Agizo huchukua wiki mbili kumfikia anayeagizwa, na shehena huchukua wiki mbili nyingine kurudi. Kila mmoja huanza na kreti 12 ghalani. Kreti inayolala hutozwa senti 50 za dola kila wiki, na kreti iliyotakiwa ikakosekana huwa deni, nalo hutozwa dola moja kila wiki hata lilipwe. Kusemezana ni marufuku. Muuza rejareja peke yake ndiye anayeyaona mahitaji ya wanywaji, kwa kufunua kadi moja kila wiki, na wengine watatu hawajui lolote ila tarakimu inayotoka kwa jirani yao wa chini.

Wiki nne za mwanzo kadi husema nne, na kila mtu hustarehe. Wiki ya tano kadi husema nane. Muuza rejareja huona akiba yake imepungua, akaagiza zaidi kidogo kwa tahadhari. Muuza jumla akipokea agizo lililonenepa hudhani kuwa kuna sikukuu, naye hunenepesha la kwake. Na hivyo hivyo mpaka kiwandani, ambako habari huwasili imechelewa na imetiwa chumvi na kila mkono iliopita. John Sterman, aliyeendeleza kazi ya Forrester katika chuo hicho hicho, alichapisha mwaka 1989 hisabu za michezo aliyoikusanya, na wastani wa maagizo makubwa kabisa ya wachezaji wake ulikuwa kreti 15 kwa muuza rejareja, 19 kwa muuza jumla, 27 kwa msambazaji na 32 kiwandani, ilhali mnywaji hakuzidisha ila kreti nne tu. Gharama za timu kwa wastani zilifika takriban mara kumi ya zile ambazo zingepatikana kwa kanuni njema ya kuagiza. Kisha, baada ya njaa, huja mafuriko: bia yote iliyoagizwa kwa hofu hufika kwa pamoja, maghala yakafurika, na maagizo yakaanguka hata sifuri kwa wiki kadhaa.

Mwalimu mzoefu huwatangazia wachezaji wiki 50 lakini huukata mchezo katika wiki ya 36, ili wasipate fursa ya kumaliza akiba zao kwa hila wakijua mwisho unakaribia. Kisha, kabla ya kufunua siri, humtaka kila asiyekuwa muuza rejareja achore mstari wa mahitaji ya wanywaji jinsi anavyodhani yalivyokuwa. Karibu wote huchora milima na mabonde. Akiisha kuwaonyesha kuwa mnywaji alipanda ngazi moja tu asishuke tena, darasa huingia kimya, na wale waliokuwa wakimtupia lawama jirani huanza kutazama karatasi zao wenyewe.

Hapa ndipo penye kazi ya mwalimu, na kwa rai yangu saa moja inayofuata mchezo ina thamani kuliko mchezo wenyewe. Na tuhesabu pamoja. Kutoka agizo kuandikwa hata shehena kufika ni wiki nne. Maadamu mahitaji ni kreti nne kwa wiki, kreti 16 daima zi njiani, na mahitaji yakiwa nane zapaswa kuwa 32. Hiyo ndiyo kanuni ambayo John Little aliitolea burhani mwaka 1961, mwaka uleule Forrester alipotoa kitabu chake cha *Industrial Dynamics*: idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mpango ni sawa na kiasi kinachoingia kwa kila muda, kikizidishwa kwa muda ambao kila kitu hukaa humo. Sasa chukua muuza rejareja aliyeagiza nane mara tu alipoona kadi ya nane. Kwa wiki nne atapokea nne na kutakiwa nane kila wiki, hivyo atapungukiwa kreti 16, na zile 12 zake zitageuka deni la nne. Kuirudisha akiba yake ilivyokuwa kunahitaji kreti 16 juu ya zile nane za kila wiki, tena mara moja tu, ikiwa anayemwuzia humpa kila anachokiomba. Lakini mchezaji huliona deni wiki hii akaagiza nyongeza, wiki ijayo deni lingalipo kwa kuwa bia ingali njiani, akaagiza nyongeza nyingine, mithili ya mgonjwa anayemeza dozi ya pili na ya tatu kwa sababu ya kwanza haijamshusha homa. Hilo ndilo alilolibainisha Sterman: mali iliyo ghalani huhesabiwa, na mali iliyo njiani husahauliwa.

Wapo waliopinga kwamba kosa ni la akili za watu. Hau Lee wa Stanford na wenzake wawili walionyesha mwaka 1997 kuwa hata watu wenye busara kamili huyazaa mawimbi hayo, wakitoa mfano wa nepi za Procter & Gamble, ambazo watoto huzitumia kwa kadiri isiyogeuka ilhali maagizo yake yalipanda na kushuka; sababu walizotaja ni kule kukisia mahitaji kwa kutazama maagizo, kulimbikiza maagizo, bei za punguzo, na hila ya kuomba maradufu wakati wa uhaba. Nadhani wana haki, na mwalimu asiyewataja huwadhulumu wanafunzi wake. Lakini nao Rachel Croson na Karen Donohue walipowaeleza wachezaji mapema jinsi mahitaji yatakavyokuwa yakigeuka, mawimbi hayakukoma. Kwa hiyo mwanafunzi asiondoke akiamini kuwa kompyuta ya kupashana habari itamwondolea taabu yote. Afadhali achezeshwe mara ya pili, na safari hii aandike kabla ya kuanza kanuni atakayoifuata, ikiwa na nafasi ya kreti zilizo njiani.

Katika makala ijayo, inshallah, tutaitoa kanuni ya Little ghalani na kuipeleka penye foleni, tuone kwa nini karani mmoja anayehudumia watu wanaofika kwa bahati nasibu, na muda wa kumhudumia kila mmoja nao ukiwa wa bahati nasibu, akiwa na kazi kwa asilimia 80 ya muda wake, huwa na watu wanne mbele yake kwa wastani, na akiongezewa kazi hadi asilimia 95 huwa nao 19.