Rola Mbovu Iliyozaa Wimbledon

Mashindano makongwe kuliko yote ya tenisi duniani yalianza kwa sababu ya rola. Ilikuwa rola ya kushindilia nyasi, ya kukokotwa na farasi mdogo, mali ya klabu changa iliyokodi kiwanja cha ekari 4 hivi kando ya barabara ya Worple, Wimbledon, wakati huo kijiji kinachokua nje ya London. Klabu ilianzishwa mwaka 1868 kwa ajili ya kroketi. Tenisi iliingia 1875, kroketi ilipoanza kuchuja. Rola ikaharibika, pesa za kuitengeneza hakuna, na Julai 1877 wanachama wakaitisha mashindano.

Walijitokeza wachezaji 22, wote wanaume. Kila mmoja alitakiwa aje na raketi yake na viatu visivyo na visigino. Mipira wangepewa na mtunza bustani wa klabu. Mvua iliahirisha fainali, kisha watu wapatao 200 wakatoa shilingi 1 kila mmoja kumwona Spencer Gore akimshinda William Marshall 6-1, 6-2, 6-4. Dakika 48 tu, kazi imekwisha. Kwa haki, klabu ya kwanza kabisa ya tenisi ya nyasi ni ya Leamington, ya mwaka 1872, lakini rekodi zilikuja kupiga kambi Wimbledon.

Wanawake walisubiri hadi 1884. Waliingia 13, na fainali ikawa ya ndugu wa tumbo moja: Maud Watson alimshinda dada yake Lilian. Miaka mitatu baadaye akaja Lottie Dod, aliyetwaa taji akiwa na miaka 15 na siku 285. Hakuna bingwa wa mmoja mmoja, mwanamke wala mwanamume, aliyewahi kuwa mdogo kuliko yeye pale. Mimi namweka Dod juu ya wengi wenye vikombe zaidi yake, kwa kuwa baada ya mataji yake matano aliichezea Uingereza magongo, akawa bingwa wa gofu mwaka 1904, na mwaka 1908 akapata medali ya fedha ya Olimpiki kwa kulenga shabaha kwa upinde. Kwa upande wa umri mkubwa yupo Arthur Gore, bingwa wa 1909 akiwa na miaka 41. Kwa wingi wa mataji ya mmoja mmoja, Martina Navratilova anaongoza kwa 9.

Lakini rekodi ya kusimulia wajukuu ni ya Juni 2010, uwanja namba 18. John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walianza mechi ya raundi ya kwanza Jumanne jioni, giza likawakatiza wakiwa seti mbili kwa mbili. Jumatano wakarudi kumalizia seti ya tano. Saa zikapita. Ilipofika 47-47 ubao wa matokeo ukazimika, kwa kuwa haukutengenezwa kuhesabu zaidi ya hapo. Wao wakaendelea kupiga mpira mpaka giza likaingia tena, 59-59. Alhamisi Isner akashinda 70-68. Jumla saa 11 na dakika 5, gemu 183. Kesho yake, akiwa hoi, alitolewa na mchezaji mwingine kwa seti tatu mfululizo. Rekodi hiyo haitavunjwa pale, maana tangu 2022 seti ya mwisho ikifika 6-6 huamuliwa kwa mbio za pointi 10.

Kwa mbio kama hizo za pointi 10, mwaka huohuo wa 2022 Mkenya Angella Okutoyi, miaka 18, aliingia kwenye kumbukumbu za klabu ile. Akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi katika fainali ya wasichana wawili wawili, walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4. Mbio hizo, zilizochezwa badala ya seti ya tatu, zilifika 9-9, na kila pointi iliweza kugeuza kibao. Wakapata mbili zilizofuata, na Kenya ikapata taji lake la kwanza la vijana la Grand Slam.