Pakanga, Silaha ya Askari
Mwaka 1967, China ilianzisha kwa siri Mradi 523, kuwatafutia dawa askari wa Vietnam Kaskazini walioangushwa na malaria vitani. Mwaka 1972, Tu Youyou na wenzake walipata artemisinini katika mmea wa jamii ya pakanga.

Silaha hiyo imeanza kuwa butu. Huko Masaka, jirani na Kabuga, Kigali, sampuli 19 kati ya 257 za damu zilikutwa na vimelea sugu. Habari ilitangazwa mwaka 2020. Hata hivyo, katika majaribio ya mwaka 2018, mseto wa artemeta na lumefantrini uliponya zaidi ya asilimia 90 ya watoto, kwani lumefantrini huviandama vimelea vilivyosalia. Kazi hiyo yahitaji dozi zote 6, siku 3. Homa (na askari hupenda kurudi gwarideni upesi) yaweza kushuka siku ya pili, ilhali vimelea vingali damuni.