Kikapu cha Ukili na Mfuko wa Plastiki

Tokea tarehe 1 Julai 2025 maduka ya vyakula, ya matunda na mboga, ya mikate na ya vitu vitamu humu Oman hayaruhusiwi tena kumpa mnunuzi mfuko mwembamba wa plastiki. Baadhi ya nyumba za jamaa zetu wa Ibra, Sur na Nizwa zimelipokea jambo hili kwa manung'uniko, na wapo waliodhani kuwa ni hila ya wenye maduka ili watuuzie mifuko yao. Tumeonelea mwezi huu tulieleze tokea mwanzo wake, kisha tuseme na letu.

Sheria hii haikuzuka ghafla. Amri ya kwanza ilianza kazi tarehe 1 Januari 2021, ikakataza mifuko ya plastiki ya kutumiwa mara moja. Tarehe 1 Januari 2023 likafuata katazo la kuiingiza nchini. Hata hivyo katika vijiduka vya mitaani mifuko iliendelea kutolewa kama njugu, na mwaka 2024 Mamlaka ya Mazingira ikatoa uamuzi mwengine wenye kwenda hatua kwa hatua. Walianza wenye maduka ya dawa, hospitali na zahanati, tarehe 1 Julai 2024. Wakafuata, tarehe 1 Januari 2025, wauza nguo, mafundi cherehani, wauza simu, miwani, saa na samani. Kisha ndiyo ikafika zamu ya vyakula, na hatua ya mwisho imepangiwa mwaka 2027, ambapo hapatabaki duka lililosamehewa. Faini ni kuanzia riali 50 hadi riali 1,000, na mwenye kurudia kosa huzidishiwa mara mbili. Kinachokatazwa ni mfuko ambao unene wake haufiki mikromita 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kipimo hiki tukishike vizuri, maana tutakirudia.

Mwenye kuuliza madhara yako wapi, na atazame miti ya miiba iliyo pembezoni mwa barabara zetu za Sharqiyah baada ya siku ya upepo. Na mvua inaponyesha milimani, wadi hujaa kwa muda mfupi na kubeba kila kilichotupwa kando yake, ikakipeleka kwenye mashamba ya mitende na, zile zinazoshukia pwani, ikakimimina baharini. Mashariki ya Sur, pale Ras al-Jinz, kasa wa kijani hupanda ufukoni usiku kutaga mayai. Mfuko unaoelea majini humdanganya kasa, akauona kama jani la baharini au kama konyeza, yule mnyama wa baharini aliye laini kama jeli, akaumeza.

Wanyama wa nchi kavu nao hawakusalimika. Mbuzi na ngamia huvutwa na harufu ya chakula na chumvi iliyobaki ndani ya mfuko, wakaula mzima. Huko Dubai, mtaalamu wa maradhi ya wanyama Ulrich Wernery na wenzake walieleza kwamba katika ngamia wapatao 30,000 waliochunguzwa tangu mwaka 2008, kiasi cha 300 walikutwa na madonge ya plastiki tumboni. Donge hilo halisagiki wala halitoki. Mnyama hujiona ameshiba, akaacha kula, akafa kwa njaa na tumbo limejaa. Anayenunua mbuzi wake siku ya Ijumaa katika mnada wa Nizwa, akamtazama meno na miguu, hana namna ya kuona kilichomo ndani.

Sasa tuseme na letu. Jambo linalotushangaza ni kwamba watu wetu, kuliko watu wengine wote, ndio wanaosema kuwa haiwezekani kwenda sokoni bila ya mfuko wa plastiki. Sisi tuliokulia Unguja na Pemba hatukuujua mfuko huo utotoni. Mama alikwenda sokoni na kikapu chake cha ukili, akarudi nacho, kikatundikwa msumarini jikoni mpaka kesho. Samaki wadogo walitungwa kwa kamba ya mwaa, mtungo ukashikwa mkononi njia nzima, na kila jirani akajua leo nyumba ile inapika nini. Maembe yalitoka shamba ndani ya pakacha la kuti bichi, na pakacha likishafanya kazi yake lilitupwa chini ya mgomba likaoza. Sukari na binzari zilifungwa katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Halua yenyewe iliuzwa ndani ya vijikapu vya kusukwa, na mpaka leo huko Unguja utaikuta imefungwa hivyo.

Na wazee wetu wa upande huu nao walikuwa hivyo hivyo. Walisuka makuti ya mtende wakapata qafir ya kuvunia tende (ni kwa herufi ya qaf, watoto wasije wakaicheka) na jirabu ya kuzihifadhia. Babu aliyetoka Ibra akaenda Unguja hakukutana huko na kitu kigeni mkononi mwa mke wake. Alilolikuta ni jani la mti mwengine tu.

Isitoshe, huko tulikotoka wametutangulia. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka kumi na tano kabla ya amri ya kwanza ya hapa kuanza kazi. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu kali, faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019, baada ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa kulitangaza jambo hilo Bungeni mwezi wa Aprili. Shangazi zetu wa Ng'ambo na wa Chake Chake wamekwisha kuzoea zamani. Sisi tulio katika neema ya magari na mafriji ndio tunaolalamika.

Lakini liko jambo ambalo sheria haikulimaliza, na hapa ndipo tunaporudi kwenye kipimo cha unene. Mfuko mzito unaouzwa pale kwa mpokea fedha haukukatazwa. Ule unaoitwa "wa kitambaa", wenye masikio na rangi za kupendeza, mara nyingi ni plastiki vile vile, iliyogandishwa nyuzi kwa nyuzi ikafanana na kitambaa. Ukitumiwa mwaka mzima una faida. Ukinunuliwa kila Alkhamisi kwa sababu wa wiki iliyopita umesahauliwa nyumbani, basi tunatupa plastiki nzito badala ya nyepesi, tena kwa fedha zetu wenyewe. Tazameni chini ya sinki za jikoni mhesabu.

Basi kikapu au mkoba ukae ndani ya gari, si jikoni. Kwa samaki wa soko la Sur, ndoo yenye mfuniko au boksi la barafu linatosha, na nyama iende katika chombo kinachooshwa. Tungule, mbatata na vitunguu havihitaji kila kimoja kifungiwe peke yake. Mkoba wa kitambaa cha pamba ufuliwe, khasa uliobeba kuku.

Wanaokusudia kwenda nyumbani likizo wakumbuke pia mizigo yao. Tangu mwaka 2019 abiria anayeingia Tanzania huambiwa aiache mifuko ya plastiki ya kubebea pale pale uwanjani. Vile vifuko vidogo vya kubana vya sabuni na dawa ya meno huruhusiwa, ilimradi mwenyewe aondoke navyo. Nairobi nako mfuko wa duka la uwanja wa ndege hautoki mlangoni. Zawadi zifungwe katika khanga.

Na atakayerudi, asirudi mikono mitupu. Mikoba miwili mitatu ya ukili haina uzito wowote, na fedha yake humfikia mwanamke aliyeisuka kwa mikono yake. Bora zaidi ni kuisuka hapa hapa, maana makuti ya mtende tunayo tele. Miongoni mwetu wapo mabibi wanaojua kuchana jani, kulitia rangi, kusuka ukili mrefu na kuushona mpaka ukawa kikapu, na hakuna binti aliyekaa nao akajifunza. Bibi aliye tayari kufundisha, au mama mwenye baraza la kuwaweka wanafunzi saa mbili za asubuhi ya Jumamosi, tunaomba atuletee jina lake kabla ya toleo lijalo. Ukindu tutautafuta sisi.