Je, Wajua? Mashine ya gemu: ipi, na lini?

Je, wajua kwamba zamani subira ililipa? PlayStation 3 ya GB 60 iliingia madukani Marekani Novemba 2006 kwa dola 599. Septemba 2009 likaja toleo jembamba la GB 120 kwa dola 299: nafasi mara mbili, bei nusu.

Je, wajua kwamba siku hizi bei hupanda? PS5 yenye sehemu ya diski ilianza na dola 499 mwaka 2020. Agosti 2025 Sony iliipandisha hadi dola 549 nchini Marekani. Xbox nazo zilipanda bei huko mara mbili mwaka huohuo. Ukitaka nafuu, vizia punguzo la Novemba na Desemba. Usitegemee bei rasmi ishuke yenyewe.

Je, wajua kwamba waliowahi huweza kuumia? Nintendo 3DS iliuzwa Marekani kwa dola 249.99 Machi 2011. Agosti mwaka huohuo ikawa dola 169.99! Nintendo iliwafuta machozi wanunuzi wa mwanzo kwa gemu 20 za zamani bila malipo.

Je, wajua kwamba matoleo ya kwanza huweza kuja na ubovu? Xbox 360 za mwanzo ziliharibika kwa wingi, taa nyekundu zikiwaka mbele. Julai 2007 Microsoft iliongeza dhamana ya tatizo hilo hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1.

Je, wajua kwamba mashine nzuri huweza kufa mapema? Dreamcast ya Sega ilifika Marekani Septemba 1999. Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kuitengeneza. PlayStation 2, iliyocheza pia sinema za DVD, iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 12.

Je, wajua kwamba bei ndogo dukani huweza kuwa ghali nyumbani? Xbox Series S haina pa kuingiza diski. Huwezi kuazima gemu kwa rafiki, kununua iliyotumika, wala kuuza uliyoichoka. Kila gemu utaipakua, na baadhi huzidi GB 100. Piga hesabu ya bando kwanza.

Je, wajua kwamba nafasi iliyoandikwa kwenye boksi si yote yako? PS5 ya kwanza ilikuwa na GB 825, lakini zilizobaki kwa gemu zilikuwa takriban 667.

Je, wajua kwamba diski zako za zamani zina thamani? PS5 yenye sehemu ya diski hucheza karibu gemu zote za PS4, ila za PS3 haizisomi. Xbox Series X hucheza hata baadhi ya diski za Xbox ya kwanza, ya mwaka 2001.

Je, wajua kwamba umeme huweza kuiua zawadi? Nyumba za Marekani hutumia volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240. PS5 huhimili volti 100 hadi 240. Lakini PS2 nyingi za zamani na adapta za Xbox 360 za Marekani si za umeme wetu. Ndugu akikutumia ya mtumba, soma kibandiko kabla ya kuchomeka.

Je, wajua kwamba kucheza na wenzako mtandaoni hulipiwa? Kwenye PS5, gemu nyingi za kununua hudai uanachama wa PlayStation Plus. Fortnite, ambayo ni ya bure, haidai.

Je, wajua kwamba gemu moja yatosha kukuamulia? EA Sports FC 26 ilitoka hata kwa PS4. Anayetaka mpira tu hana haja ya kukimbilia PS5. Lakini GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S, na PS4 haimo. Basi andika gemu tatu unazozitaka kweli na uulize marafiki wanachezea mashine gani. Gemu hizo zikiwa tayari zinauzwa, na fedha ya mashine, gemu na bando ipo, nunua. Kama bado zinaahidiwa tu, tunza fedha yako.