Goma: Je, Yafaa Kujenga Juu ya Lava?

Mji wa Goma wakaa chini ya mlima uwakao. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka. Lava, ule uji wa mawe ya moto, ikashuka hata katikati ya mji, ikaingia ziwani Kivu. Watu zaidi ya 100 walikufa, na hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliangamia. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Mara hii lava ilisimama pande za Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini watu wapatao 30 walikufa na nyumba zaidi ya 3,000 ziliteketea.

Kila mara, jiwe lilipopoa, shauri moja liliamka kati ya wakubwa na raia: je, watu waruhusiwe kujenga tena mahali pale?

Wengine wasema: La, wakatazwe. Lava hupita katika nyufa za mlima, na mwaka 2002 nyufa hizo zilifika karibu na nyumba za watu. Mwaka 2021 moto ulitokea jioni, karibu bila onyo. Siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe, nayo malaki ya watu wakasongana njiani kuelekea Sake. Mahali penye nyumba zilizobanana, mama mwenye watoto watatu atakimbilia wapi?

Wengine wajibu: Kiwanja hiki ndicho mali yetu yote. Soko, kazi na shule viko hapa. Wengi wetu tulikimbia vita Masisi na Rutshuru. Hatuna shamba la kurudia. Ndiyo maana mwaka 2002 watu walirudi baada ya siku chache tu, wakasimamisha nyumba za mbao juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na moto ndani.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina haki, na kwamba ugumu wenyewe u mahali pengine. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, naye huandikiwa cheti. Sheria hiyo hiyo iliahidi amri ya Rais wa Nchi ya kupanga haki za watu wakaao katika ardhi ya mababu. Miaka mingi ikapita, amri isitoke. Basi, Goma inapopanuka kuelekea sheferi ya Bukumu, mnunuzi hukuta milango miwili: huku ofisi ya ardhi, huku wakubwa wa kimila. Hata mpaka wa mji na sheferi umebishaniwa. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Huyu akataza, yule auza. Na maskini hujenga pale alipouziwa.

Kwa hiyo katazo peke yake halitoshi. Anayemwambia mtu, “Usijenge hapa,” amwonyeshe pia mahali pengine, penye maji na njia, tena kwa bei anayoiweza. Na kabla ya hayo, wakubwa wa mji na wa sheferi wakubaliane juu ya ramani moja, isomwe hadharani, ili kila baba wa jamaa ajue palipokatazwa kabla hajatoa franka moja.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Tusinunue kiwanja kwa neno la mdomo. Tuulize milango yote miwili, tutake maandishi. Wala tusifunge kichochoro kwa ukuta wetu ili kuongeza chumba kimoja. Siku ya moto, kichochoro hicho ndicho njia ya jirani, na huenda kikawa njia ya watoto wetu wenyewe.