Siku 20 za mzimamoto: gharama inamwangukia nani?

Desemba 24, 2019, Waziri Mkuu wa Australia, Scott Morrison, alitangaza kwamba watumishi wa serikali ya shirikisho wanaojitolea kuzima moto watapewa likizo yenye malipo isiyopungua siku 20 za kazi. Siku tano kabla ya hapo wazimamoto wawili wa kujitolea walikuwa wamefariki karibu na Buxton, kusini magharibi mwa Sydney, na Morrison mwenyewe ndiyo kwanza alikuwa amerejea kutoka mapumziko yake ya Hawaii. Siasa zilikuwemo ndani ya tangazo hilo, hakuna ubishi. Tuziweke kando, tupige hesabu.

Ruhusa yenyewe haikuwa jambo geni. Sheria ya kazi ya mwaka 2009 inampa mfanyakazi anayejitolea wakati wa maafa haki ya kutoka kazini bila kuwekewa ukomo wa siku, pamoja na muda wa safari na wa kupumzika baada ya zamu. Hata kibarua anaingia humo. Kilichokosekana ni mshahara.

Katikati ya mwaka 2019 utumishi wa umma wa shirikisho ulikuwa na watu takriban 147,000. Tuchukue mfano, ambao ni wangu wala si takwimu ya serikali: katika kila watumishi 100, mmoja ni mzimamoto wa kujitolea, na wote wanazimaliza siku zao 20. Hao ni watu 1,470 na siku 29,400 za kazi. Mshahara tuukadirie dola za Australia 90,000 kwa mwaka; ukiugawanya kwa siku 260 za kazi unapata dola 346 kwa siku. Jumla ni kama dola milioni 10.2.

Ukiitazama peke yake, ni fedha nyingi. Kando ya bajeti ya mishahara ya watu hao 147,000, ambayo kwa makadirio yaleyale ni dola bilioni 13.2, inakuwa senti 8 katika kila dola 100. Mshahara ukipanda au ukishuka, uwiano haubadiliki, kwa kuwa unaamuliwa na mambo mawili tu: siku 20 kati ya 260, na idadi ya wanaojitolea. Hata wakiwa watano katika kila 100, hazifiki senti 40.

Tena fedha hizo zingelipwa vyovyote vile. Mtumishi angebaki ofisini, mshahara wake ungetoka. Serikali inachopoteza ni kazi yake ya siku hizo, na hapo ndipo kada zinapotofautiana. Jalada la ofisini linaweza kusubiri wiki nne, ingawa mwananchi anayelingojea hatafurahi. Zamu ya muuguzi haisubiri. Lazima aitwe mwingine na alipwe, pengine kwa saa za ziada. Watumishi wa namna hiyo, yaani wauguzi na walimu, wengi wao wameajiriwa na majimbo, si na serikali ya shirikisho. Kwa hiyo Morrison alitoa ahadi mahali ambapo ahadi ilikuwa rahisi kuliko kwingine.

Sasa tuangalie upande wa moto. Shirika la zimamoto vijijini la New South Wales, Rural Fire Service, lina wanachama wa kujitolea zaidi ya 70,000. Tukiwapeleka huko watu wote 1,470 wa mfano wetu, ni kama wawili katika kila 100. Na zaidi ya theluthi moja ya watumishi wa shirikisho wako Canberra, ilhali vikosi vya shirika hilo vimejaa wakulima, mafundi na wenye biashara ndogo ndogo. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha hesabu nzima: likizo ilikuwa nafuu kwa sababu iliwagusa wachache.

Pengo lilionekana upesi. Desemba 29 serikali ilitangaza malipo kwa wazimamoto wa kujitolea wa New South Wales waliojiajiri au walioajiriwa na kampuni ndogo na za kati: hadi dola 300 kwa siku, mwisho dola 6,000, kwa walioitwa kazini zaidi ya siku 10. Dola 6,000 kwa dola 300 ni siku 20 zilezile. Mtumishi wa mfano wetu angebaki na dola 6,920 kwa muda huohuo, bila sharti la kusubiri zipite siku 10.

Ujerumani imelipanga jambo hili vizuri zaidi. Shirika lake la shirikisho la uokoaji, THW, lina watu wa kujitolea wapatao 80,000. Anayeitwa kwenye maafa anaendelea kupokea mshahara wake, na mwajiri binafsi huomba arudishiwe na serikali alicholipa. Mwajiri wa umma hubeba mwenyewe. Malipo yanamfuata mwokoaji, awe karani wa wizara au seremala wa karakana.

Tume ya kifalme iliyochunguza maafa ya Australia ilitoa ripoti yake Oktoba 2020. Ilipendekeza serikali itazame iwapo ulinzi wa ajira ulioko kwenye sheria unawatosha wanaojitolea. Kibarua aliyekaa motoni wiki tatu ana haki yake kwenye maandishi; bosi asipompangia zamu wiki ya nne, siku hizo haziingii kwenye hesabu ya dola 346 wala ya dola 300.